Barua ya wazi kwa wakubwa wa Dar es Salaam: mkutano wa mtaa uhamie Jumapili jioni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, pamoja na Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa halmashauri zetu tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: WAZEE NA VIJANA WA MJI HUU KUKALISHWA PAMOJA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, mlionizidi umri nawaamkia, shikamooni. Niliowazidi, na siku hizi ni wengi tu humo maofisini, habari za kazi.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Tandika. Nilianza mwaka 2011 na meza, kiti na mwamvuli. Mwamvuli umeshabadilika mara tatu, kila mtandao na rangi yake, ila meza ni ileile. Pembeni kuna benchi la mbao nililoliweka kwa ajili ya mteja anayesubiri ujumbe uingie. Sasa limekuwa mali ya umma, wanalikalia hata wasiotuma wala kutoa.

Nina miaka 48. Nimejitafuta kwenye sera zenu sikujiona. Sera ya vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mwenye miaka 15 hadi 35. Sera ya wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia 60. Hapo katikati pana miaka 24 ambayo mtu ni mtu tu, wa kulipa ada, kulipa kodi ya nyumba na kumpeleka mama kliniki. Labda ndiyo maana pande zote mbili wananisengenyea wenzao bila wasiwasi. Si wa huku, si wa kule.

Mzee akikaa kwenye lile benchi ataanza na watoto wa elfu mbili. Watoto wa elfu mbili hawaamkii. Hawatumwi dukani. Suruali zao zimeishia mapajani, wanashinda na simu, wanabeti, wanataka utajiri bila kutoka jasho. Siku moja umeme ulikatika mara nne kabla ya adhuhuri, na mzee mmoja akasema kwa utulivu kabisa kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuwapa kazi watoto wa elfu mbili. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Akiondoka, vijana wanapokea benchi, na hapo zinaanza habari za wahenga. Wahenga walikuta kazi zinawasubiri mlangoni, wakala, wakalala, wakatuachia madeni. Wahenga wakishika kiti hawang'oki. Ukimwomba mhenga ushauri anakwambia rudi kijijini ukalime, na yeye mwenyewe shamba mara ya mwisho alilitia mguu Mzee Mwinyi akiwa Ikulu. Mimi pia nimeshaitwa mhenga, na dereva wa bajaji mwenye miaka kama 24. Kosa langu lilikuwa kumuuliza kama ana sarafu za chenji.

Lakini wakala ana kitu ambacho benchi halina, nacho ni daftari. Tunaandika kila muamala, nani kaweka, nani katoa, saa ngapi, kiasi gani. Siri ya mteja ni siri, kwa hiyo humu simtaji mtu, tena nimechanganya siku na viwango ili hata mwenyewe akisoma asijitambue. Nitakachowaeleza ni ule mkondo tu wa pesa unavyopita mbele yangu.

Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili jioni wanakuja vijana wa bodaboda, wabeba mizigo wa sokoni, wauza mitumba. Walewale. Wanaweka elfu tano, elfu saba, elfu kumi, na wanatuma hapohapo. Namba wamezihifadhi kwa majina ya nyumbani: Bi Mkubwa, Maza, Bibi Masasi, Mzee Kilosa. Kuna mmoja kila wiki anatuma 3,000. Hajawahi kuruka wiki tangu 2022, isipokuwa wiki mbili alizolazwa baada ya ajali, na wiki ya tatu alikuja na magongo akatuma 9,000. Huyo ndiye ambaye mzee wa benchi anamwita mtoto wa elfu mbili asiyejua wazazi.

Mwisho wa mwezi wanakuja wastaafu. Pensheni yenyewe mnaijua. Mzee anatoa, anahesabu, anabakiza ya dawa na ya mchele, halafu anarudisha noti mbili mezani: "Mama Wakala, hebu mtumie huyu." Huyu ni mjukuu aliyepo chuo Dodoma, bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, anakula mlo mmoja. Au ni mjukuu aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita na anatuma maombi ya kazi kila Jumatatu. Mjukuu huyo kwenye simu ya bibi amehifadhiwa kama Mume Wangu, kwa utani wetu ule wa bibi na mjukuu. Yeye naye, nina hakika, akiwa kijiweni anawasema wahenga waliokula nchi.

Ukisikiliza benchi utadhani hawa ni Simba na Yanga. Ukifungua daftari unakuta ni familia moja yenye mfuko mmoja unaovuja pande zote.

Sisemi kwamba wanasingiziana kwa kila kitu. Kubeti kupo, waheshimiwa. Kijana anaweka mia tano asubuhi, mia tano mchana, jioni mkeka wake wa kubeti umechanika, yaani kaliwa, na anakuja kukopa nauli kwangu. Mimi kamisheni yangu inaingia na moyo unauma, yote kwa pamoja. Ila nisiposema na hili nitakuwa mwongo: nina wazee wawili wanaobeti. Mmoja ananiletea timu kazichora kwenye karatasi ya dawa, nimjazie mimi, halafu anainama, "Usimwambie mtu, hasa mwanangu." Na heshima ya kuamkia imepungua kweli. Vilevile ni kweli kwamba wapo wazee ambao ukiwaamkia wanaitika "marahaba" huku macho yapo kwenye mkufu wako, kwamba umeupata wapi.

Sasa mniruhusu niende nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi huu umekuwepo kabla ya simu.

Mama yangu alizaliwa mwaka 1952 na amekulia Ilala. Oktoba 1968 alikuwa na miaka 16. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Waliiita Operesheni Vijana, na marufuku yenyewe ilikuwa ianze Januari 1, 1969. Vijana wa Kariakoo hawakusubiri Januari. Walikaa vituo vya basi na kuwazingira wasichana, wengine wakachaniwa nguo. Mama alishuka Kariakoo na sketi aliyoshonewa na binamu yake, akaona kundi linakuja. Aliyemwokoa ni muuza maandazi, mwanamke mtu mzima, aliyemrushia khanga na kumwambia akae chini ajifanye anakanda unga. Akakanda mpaka saa tisa.

Kisa hicho nilikisikia kwa mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, na mama hakukitoa kama kisa chake. Alikuwa anamsema binti yangu, mwenye miaka 19, kwa gauni alilovaa kwenda kwenye sherehe. Akafika mahali akasema, "Enzi zetu ungechaniwa hilo! Mimi mwenyewe walinikosakosa." Akajikuta kashaanza, ikabidi amalize. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo bibi, wewe ndiye uliyeanza." Mama akanyamaza. Kisha akajibu, "Yangu ilikuwa na heshima." Siku hizi wakiwa na furaha anamwita mke mwenzangu, wakiwa wamenuniana anamwita mtoto wako, akiniambia mimi.

Na si sketi tu. Wazee wengi wa benchi langu wana dawa moja ya vijana: wapelekwe jeshini wakanyooshwe. Wanasahau kwamba Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha hapahapa Dar waliandamana mpaka Ikulu kuikataa sheria ya kuwapeleka Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na bango moja likadai eti afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu 400 chuoni, na hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana vijana walikuwa wamemgusa na kwenye mishahara ya wakubwa. Waliofukuzwa siku ile, walio hai, sasa wana miaka kama 80. Mmoja wao, marehemu Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge. Enzi hizo nao waliitwa vijana wasio na shukrani, waliodekezwa na taifa.

Tena mji huu una mazoea ya kumwona kijana asiye na kazi kama takataka ya kufagiwa. Kule Kigamboni kuna Gezaulole, na jina lenyewe kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palipelekwa watu waliokuwa hawana kazi mjini, wakaambiwa wakalime. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa barabarani kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupakiwa kwenye magari. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akikimbia msako ule sasa ana miaka zaidi ya 60. Yupo kwenye benchi langu, anasema machinga wasumbufu, waondolewe.

Kwa upande wa vijana, nao wanakosea hesabu. "Walikuta kazi zinawasubiri." Waliokuta ni baadhi, na kwa muda. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi kiwandani, eneo la Chang'ombe. Mwaka 1994 akapunguzwa, ndiyo neno walilotumia, kama mtu anavyopunguza chumvi. Alikuwa na miaka 46 na watoto watano. Kiinua mgongo kilinunua friji la kugandishia barafu na cherehani ya mama. Kuanzia hapo baba aliuza barafu kwenye viroba, akisukuma baiskeli, na mimi nilikuwa namfuata nyuma nikishika kiroba kisidondoke. Baba yangu alikuwa machinga kabla neno halijakomaa. Sasa kijana wa bodaboda anapomwambia mzee wa rika la baba yangu kwamba alikula nchi, mimi huwa nacheka ili nisiseme.

Na anayedhani wazee ni watu wa kukubali kila kitu aulizie wale waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977. Walidai mafao yao kwa miaka na miaka, wazee wenye mikongojo, mpaka wakafikia kukaa katikati ya barabara hapa mjini, magari yasipite. Hata habari ya kikokotoo, ile hesabu ya kupanga mafao ya mstaafu, iliyopigiwa kelele mpaka kanuni mpya zikasimamishwa Desemba 2018, kijana wa leo hajui kwamba inamgoja na yeye. Anadhani kikokotoo ni ugonjwa wa wazee.

Mtaniuliza, mama, haya yote sisi tufanyeje? Kusemana kati ya wakubwa na wadogo kulikuwepo na kutakuwepo. Nakubali. Ila kuna sehemu ambayo haikutoka kwa wazee wala kwa vijana. Imetoka kwenye ratiba na fomu, na ratiba na fomu ni zenu.

Nianze na mkutano wa mtaa. Sitataja mtaa, mtafikiri namshtaki mtu. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi: Jumatano, saa nne asubuhi. Jumatano saa nne asubuhi nani yupo nyumbani Dar es Salaam? Mstaafu, mama wa nyumbani, mgonjwa na mimi ambaye meza yangu ipo hatua thelathini kutoka pale. Tulikuwa watu kama 40. Nikageuka kutafuta uso wa chini ya miaka 30, nikamwona mmoja, naye alikuwa amekuja kufunga spika.

Ajenda ya tatu ilikuwa kijiwe cha bodaboda. Kiondoke pale penye mwembe, kihamie nyuma ya shule. Wazee walikuwa na hoja za kweli: honi usiku, wasichana wa shule kuitwaitwa, na mzee mmoja alikuwa amegongwa mguu. Wakazungumza vizuri kabisa. Ikapitishwa kwa mikono. Hakuna hata dereva mmoja aliyekuwepo kueleza kwamba nyuma ya shule hakupiti abiria, kwamba gizani pale wameshaporwa pikipiki mbili, kwamba wao wenyewe wangeweza kumtoa yule anayewaita wasichana, maana wanamjua. Kwenye muhtasari karani aliandika: "Vijana walihamasishwa lakini hawakuhudhuria."

Kesho yake asubuhi vijana wakakuta mnyororo umezungushiwa mwembe. Mnadhani walimlaumu nani? Hawakumlaumu aliyepanga Jumatano. Walisema wahenga wametufukuza. Wiki ile mzee mmoja alikataliwa kupakiwa na bodaboda watatu mfululizo, na mvua ilikuwa inanyesha. Naye akaja kwenye benchi akasema, unaona sasa, watoto wa elfu mbili. Uadui wa miezi sita ukazaliwa kwa sababu ya saa nne asubuhi. Uliisha kwenye msiba, kama kawaida yetu. Babu mmoja alifariki, vijana wakaja kuchimba kaburi na kubeba jeneza, usiku wakalala turubai moja na wazee, wakaongea. Mwembe ukafunguliwa bila kikao.

Kumbe wanaweza kuongea. Tatizo mpaka afe mtu.

Hata huko juu nako mtindo ni uleule. Tuna desturi nzuri, na mimi naipenda, ya viongozi wa nchi kuzungumza na wazee wa Dar es Salaam. Mwalimu aliwaaga mwaka 1985. Rais Kikwete aliwaita Mei 2010, wafanyakazi walipotaka kugoma. Rais Samia aliwaita Mlimani City Mei 2021, na mwezi uliofuata akazungumza na vijana, Mwanza. Mikutano yote ilikuwa ya heshima. Lakini tazameni: wazee ukumbi wao, vijana ukumbi wao, tena mikoa mbalimbali. Wazee wana siku yao Oktoba 1, vijana wana siku yao Agosti 12. Kila mmoja anapewa kofia, fulana na maji ya chupa, anasifiwa, anarudi nyumbani na imani yake ileile juu ya mwenzake.

TANU haikujengwa hivyo, na ilijengwa hapahapa mjini. Julai 1954 Nyerere alikuwa na miaka 32. Abdulwahid Sykes alikuwa hajafikisha 30. Bibi Titi, aliyekuja kuwakusanya akina mama kupitia ngoma zao, alikuwa na 28. Lakini chama hichohicho cha vijana kilikuwa na Baraza la Wazee, likiongozwa na Sheikh Suleiman Takadir, na hao ndio waliomshika mkono mwalimu mgeni kutoka Bara na kumtambulisha kwa mji. Walikaa naye. Waligombana pia, Takadir mwenyewe alifukuzwa TANU mwaka 1958. Sidai walipendana kila siku. Nasema walikuwa chumba kimoja, wakagombania mambo, si umri.

La pili ni mikopo ile ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Mgao mnaujua: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Bibi anaweza kuingilia mlango wa wanawake. Babu hana mlango, labda awe na ulemavu. Na kikundi cha vijana sharti wanachama wote wawe vijana.

Hapa kwetu kuna kikundi kilipata pikipiki tatu. Nilifurahi nao, walinywa soda kwangu. Ndani ya mwaka mbili zilikuwa juu ya mawe. Vijana wanajua kuendesha, kutunza injini hawajafundishwa; wanaisikia inalia wanaongeza sauti ya muziki. Mita ishirini kutoka kijiwe chao anakaa mzee aliyekuwa fundi wa karakana ya shirika la umma kwa miaka 26. Pikipiki ikipita tu anasema, "Ile valvu imekwisha," na huwa kweli. Ya tatu iliyobaki inaishi mpaka leo kwa sababu yake: wanamletea kwa kificho jioni, wanampa elfu mbili na kahawa. Nauliza kwa nini kificho. Wanasema mzee hayumo kwenye kikundi, wakionekana wanamlipa fedha ya kikundi afisa atasema wamekiuka. Kwa hiyo mzee mwenye ujuzi anaombwa kama mchawi, usiku. Kwenye karatasi kikundi kina vijana watano na hakina fundi.

Andikeni kipengele kimoja tu: kikundi cha vijana kiruhusiwe mzee mmoja au wawili wenye ujuzi, wawe wanachama kamili, walipwe kihalali, na wao wakisaini waulizwe fedha ikipotea. Kama sheria inabana, nyinyi ndio mnaojua njia ya kuipeleka huko inakorekebishwa. Wenzetu Zanzibar tangu 2016 wanampa kila mwenye miaka 70 pensheni jamii, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Sijaomba hiyo leo, ingawa msije mkasema sikuitaja.

La tatu ni dogo, na sijui kama linastahili ofisi zenu, lakini mimi ndilo linaloniliza. Ni simu. Mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole, 2019 kuingia 2020, niliona vikongwe wamesimama kwenye foleni, kidole kinawekwa kwenye mashine, mashine inakataa. Vidole vimelika kwa jembe, kwa dobi, kwa kupepeta. Nani alisimama nao? Wajukuu. Walewale wa kushinda na simu walikesha kwenye foleni za vitambulisho vya taifa wakiwashikia bibi zao nafasi. Na Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, wazee walinijia juu kwamba nimewaibia, na aliyewasomea ujumbe mstari kwa mstari mpaka wakaniamini ni msichana wa kidato cha nne aliyekuwa amekuja kununua vocha.

Lakini pia, waheshimiwa, wanaotuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao ni vijana. Mzee mmoja alipoteza 180,000 za mbao za kuezekea. Alituma kutoka mezani kwangu, nikiwa nimegeuka kuhesabu. Hakuwaambia wanawe, aliona haya kuitwa mshamba. Akaacha kuja kwenye benchi. Tangu siku hiyo kijana yeyote mwenye simu ya kioo kikubwa kwake ni tapeli, akiwemo mjukuu wake anayesoma kompyuta.

Ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba, na kuanzia saa tisa na nusu alasiri kimefungwa kufuli. Ninachoomba ni ufunguo. Vijana wa kukaa na wazee kuwaonyesha ujumbe wa kweli na wa uongo, jinsi ya kuficha namba ya siri badala ya kunitajia mimi kwa sauti mbele ya foleni, ninao. Nimeshawauliza, saba wamekubali, wawili wamejitolea kabla sijamaliza sentensi. Wazee pia nimewauliza. Mmoja akataka kujua kama itakuwa na posho, nikamwambia itakuwa na kahawa. Yule fundi akasema yeye atakuja ila na yeye apewe nusu saa ya kuwaeleza hao watoto habari ya oili.

Sensa ya 2022 ilituhesabu mkoa huu watu 5,383,728. Sijaomba wote wapendane. Naomba mkutano wa mtaa uwe Jumapili saa kumi jioni, bodaboda wakiwa hawana abiria wengi, wazee wametoka kupumzika, na mechi, ikiwezekana, haijaanza. Kule ambako Jumapili ni ngumu, wananchi wenyewe wachague siku. Na karani akiandika vijana hawakuhudhuria, aandike pia ilikuwa siku gani na saa ngapi.

Tangazo la mkutano ujao wa mtaa wetu limeshabandikwa. Nimevuka barabara kulisoma kabla ya kumalizia barua hii. Ni Jumatano, saa nne asubuhi. Ajenda ya pili ni vijana na maadili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Wakala,
Tandika, Temeke.

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa, pembeni ya lile tangazo la Jumatano.